Nani Akatae Pesa za Bure?

Maswali ya wasomaji hujibiwa na mwalimu wetu wa uchumi, Lamu

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu kila moja ina mshtakiwa wake: mpumbavu, mvivu, asiye haya, mfujaji. Kazi yangu ni kutafiti jinsi watu wanavyoamua mambo ya pesa, nami hufanya hivyo kwa kuwapa pesa za kweli mkononi kisha nikatazama watakachofanya. Kwa hivyo mashtaka haya nimeyazoea. Nimechagua barua nne.

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Vijana wa chuo kikuu walikuja kwetu Langoni na makaratasi yao, wakatuita mmoja mmoja. Nikapewa shilingi mia tatu, nikaambiwa nigawane na mtu nisiyemwona wala kumjua. Nimtengee nipendavyo: akikubali, kila mtu ashike chake, akikataa, sote tukose. Nikamtengea hamsini. Akakataa! Nikatoka na ile nauli yao tu. Nauliza mambo mawili. Hii si kamari? Na ni mtu gani mwenye akili zake akatae hamsini ya bure?
Mzee wa Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam, mzee wangu. Kutoa fatwa si kazi yangu, hilo lipeleke kwa sheikh wako. Mimi nitakueleza ulichofanyiwa ili nawe umweleze kwa ukamilifu. Hukuweka chako, wala hakuna aliyekula chako. Hakuna kete iliyorushwa. Kilichoamua ni kauli yako na kauli ya mwenzako. Na ruhusa ya kuinuka katikati ukaenda zako ni sharti la utafiti wowote wa watu. Hapa Kenya watafiti kama hao hutakiwa wawe na kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi. Wakija tena, waambie wakuonyeshe kibali kabla hujawakaribisha kiti.

Tena sisi tunaofanya majaribio ya uchumi tuna mwiko mmoja: mshiriki hadanganywi. Ukiambiwa kuna mtu upande wa pili, basi yupo. Wanasaikolojia wao wakati mwengine humdanganya mtu kisha wakamfunulia mwishoni. Sisi tunaogopa, kwani mtu akishadanganywa mara moja, siku ya pili hashughuliki tena na mgao, anashughulika kumvizia mtafiti.

Kwa nini pesa za kweli? Kwa sababu mdomo haulipi. Nikikuuliza barazani mbele ya wenzako ungegawa vipi, utasema nusu kwa nusu na wote watakuitikia. Zile noti zikiwa kiganjani ndipo tunapojua.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo tamu. Mchezo huo ulichapishwa mwaka 1982 na Wajerumani watatu, Werner Güth, Rolf Schmittberger na Bernd Schwarze. Vitabu vya uchumi vilikuwa vikisema kama usemavyo wewe: anayepewa chochote atapokea, maana kidogo ni bora kuliko hakuna, na mgawaji akilijua hilo atatoa senti mbili akae na zilizobaki. Watu wakaletwa, wakafanya kinyume. Wagawaji wengi walitenga karibu na nusu, na majaribio yaliyofuata yakaonyesha kwamba anayetengewa chini ya robo mara nyingi hukataa. Hamsini katika mia tatu ni sudusi, mzee. Mwenzako alitoa hamsini yake mfukoni ili akwambie neno, na naona limekufika, ndiyo maana umeniandikia.

Ila usidhani kila mahali ni hivyo. Joseph Henrich aliupeleka mchezo kwa Wamachiguenga wa misitu ya Peru, na huko wagawaji walitoa wastani wa asilimia 26 tu, na wapokeaji karibu wote wakapokea bila kinyongo. Ndipo wanaanthropolojia na wachumi wakaungana, wakaupeleka kwa jamii ndogo ndogo 15 duniani. Matokeo yakaanza kutoka mwaka 2001. Kule Lamalera, Indonesia, kijiji cha wavuvi wa nyangumi, watu walitoa zaidi ya nusu. Nyangumi havuliwi na mtu mmoja, na akifika pwani hukatwa mafungu ambayo kila moja lina mwenyewe anayejulikana. Mtu wa Lamu hahitaji mhadhara hapo: hata kwetu kuna fungu la chombo, la nyavu na la mabaharia, na ole wake nahodha atakayelivuruga. Kwa Waau na Wagnau wa Papua New Guinea, kuna waliokataa hata walipotengewa zaidi ya nusu, kwa sababu kwao zawadi kubwa isiyoombwa ni deni.

Na majirani zetu walikuwemo. Mwanaanthropolojia wa Marekani Jean Ensminger aliufanya kwa Waorma wafugaji wa Tana. Katika mgao kama wako walitoa wastani wa asilimia 44. Kisha akawaletea mchezo mwengine: kila mtu atie kiasi apendacho katika mfuko mmoja, mtafiti aongeze juu yake, halafu mfuko ugawanywe sawasawa kwa wote, aliyetia na asiyetia. Ujanja hapo ni kutotia kitu, ukasubiri mgao. Waorma hawakuhitaji maelezo marefu. Papo hapo wakauita mchezo wa harambee, wakatia asilimia 58 ya walichopewa. Walikuwa wamekwisha kuchangia shule na barabara kwa mtindo huo huo, wakaucheza kama walivyouishi.

Mimi utafiti huu naupenda kuliko mwingi ulioshinda tuzo, maana tangu hapo ni vigumu mtu kupima wanafunzi wa darasa moja la Ulaya akatangaza kwamba binadamu ndivyo walivyo.

SWALI: Ndugu yangu anaendesha boti ya abiria baina ya Amu na Shela. Siku za Maulidi wageni wamejaa gatini hata pa kukanyaga hapana, yeye ikifika adhuhuri keshapata hesabu yake, huyo nyumbani kulala. Siku kavu, hakuna mtu, ataganda juani mpaka magharibi. Mama amechoka kumwita mvivu. Mimi naona kageuza mambo.
Dada mtu, Shela

JIBU: Mvivu hagandi juani mpaka magharibi, kwa hivyo shtaka la mama tulifute. Lako la kugeuza mambo ndilo lenye maneno.

Mwaka 1997 Colin Camerer, Linda Babcock, George Loewenstein na Richard Thaler walichapisha utafiti wa madereva wa teksi wa New York uliotokana na karatasi zao za safari. Wakamkuta ndugu yako huko. Siku yenye abiria tele wengi waliacha mapema, siku mbovu wakajikokota. Maelezo yao yalikuwa kwamba dereva hujiwekea kiasi cha siku, na kupungukiwa na kiasi hicho humuuma kuliko vile kuzidisha kunavyomfurahisha. Wazo hilo la uchungu wa kupungukiwa limetoka kwa Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliloliandika mwaka 1979. Kwa saa zile zile za kazi, dereva angefanya sana siku njema na kuondoka mapema siku mbovu, angefunga mwezi na pesa zaidi.

Henry Farber wa Princeton hakuridhika. Alipitia rekodi nyengine za teksi za mji huo huo, akaona kwamba kinachomwondoa dereva barabarani hasa ni saa alizokwisha kufanya, yaani uchovu, kuliko kiasi alichopata. Wamebishana miaka mingi. Wanafunzi wangu huwalazimisha wasome pande zote mbili kabla hawajamcheka dereva yeyote.

Kwetu naona utafiti wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson ndio unaokaa vizuri zaidi. Waliwafuatilia waendesha baiskeli za abiria magharibi mwa Kenya, wakaona kwamba siku mtu anapoamka na haja, iwe karo, mgonjwa au mchango wa mazishi, hufanya kazi zaidi, na haja ikishatimia huelekea kuacha. Kwa hivyo ile hesabu haikuota kichwani tu. Nahodha mmoja hapa Mkomani alinionyesha daftari lake la shule, la miraba, limevimba kwa maji ya chumvi. Kila ukurasa ni siku moja na una safu tatu: "tajiri", yaani mwenye boti, "mafuta" na "nyumbani". Safu ya tatu ikijaa hupiga mstari chini yake na kufunga boti. Nilimuuliza mbona hakuna safu ya wiki. Akanijibu, tajiri haji kwa wiki, huja kila jioni.

Basi muulize ndugu yako boti ni ya nani. Kama ni ya tajiri na hesabu ni ya kila siku, ajaribu kumwomba walipane kwa wiki: siku za Maulidi apige safari mpaka isha, Jumanne kavu abaki kwake. Matajiri wengine watakubali, kwani nao wanapata zaidi. Kama boti ni yake mwenyewe, hata ruhusa hahitaji, ni kubadilisha ukurasa wa daftari. Ila uhakikishe kwanza kwamba siku hizo hatoki gatini ili awahi msikiti wa Riyadha kusikiliza maulidi kama watu wengine. Hapo hakuna cha kurekebisha.

SWALI: Nina chekechea hapa Malindi. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, muhula huu tukaweka faini ya shilingi 50. Sasa wanaochelewa wamezidi! Mmoja kanipa 250 Jumatatu asubuhi, ati ya wiki nzima. Hawa watu hawana haya?
Mwalimu mkuu, Malindi

JIBU: Walikuwa nayo, mwalimu mwenzangu. Umeinunua kwa shilingi 50.

Uri Gneezy na Aldo Rustichini walilijaribu hili katika chekechea 10 za Haifa, Israeli, na kulichapisha mwaka 2000. Sita kati ya hizo ziliweka faini ya shekeli 10 kwa mzazi atakayechelewa zaidi ya dakika kumi. Waliochelewa waliongezeka mpaka wakakaribia kuwa maradufu. Zamani mzazi alikuja mbio akitweta kwa sababu alijua mwalimu anamsubiri kwa hisani. Baada ya faini akaona analipia huduma, na bei ni nafuu. Kibaya zaidi, faini ilipoondolewa hawakurudi walivyokuwa. Kwa hivyo kuifuta tu haitoshi.

Una njia mbili. Ama uigeuze biashara kweli: saa ya jioni iwe na bei itakayomlipa mwalimu anayebaki, mzazi ajiandikishe tangu mwanzo wa mwezi, na yule wa 250 atakuwa mteja wako wa kwanza. Ama uifute, kisha mwalimu aliyebaki na mtoto ndiye amkabidhi kwa mzazi mkono kwa mkono, wasalimiane, badala ya mlinzi kumtoa mtoto getini. Ningekuwa wewe ningeanza na ya kwanza.

SWALI: Nauza mahamri na mbaazi Malindi. Kila siku natia kitu kibubuni na kila mwezi kinavunjwa: leo wifi, kesho jirani, kesho kutwa mimi mwenyewe. Nataka neti mpya za watoto na akiba ya matibabu. Mume wangu asema sina nidhamu, na ushauri wake ni kununua kisanduku cha kufuli, ufunguo akae nao dada yangu aliye Mambrui. Wasemaje?
Mama Mahamri, Malindi

JIBU: Mama, ushauri wa mumeo umekwisha kupimwa hapa hapa Kenya. Ni wale wale Dupas na Robinson, katika vyama vya mzunguko vya magharibi, vile ambavyo wanachama huchanga na kila mmoja hupokea kwa zamu, na walichapisha mwaka 2013. Wanachama wa vyama vingine walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo wakakaa nao wenyewe. Wengine walipewa kisanduku kama hicho, lakini ufunguo ulishikwa na mtu wa mradi mpaka mwenye akiba afikie lengo lake. Vyama vyengine vilianzisha mfuko wa pembeni wa afya, ambao ulizunguka kwa zamu kama mchezo wa kawaida wa chama.

Ungedhani kufuli lisilofunguka ndilo lingeshinda. Kisanduku cha ufunguo mkononi kiliongeza pesa ambazo watu walitumia kwa kinga ya afya, kama neti, kwa asilimia 66. Kile cha ufunguo wa mbali, kwa jumla, hakikuongeza. Watu waliona tabu kufungia pesa mahali ambapo hazitoki siku mtoto akiugua, na mtoto haugui kwa ratiba. Dada wa Mambrui usiku wa manane ni mbali. Mfuko wa zamu wa chama ndio uliofanya vizuri kuliko vyote.

Wewe unaniambia wifi na jirani. Katika utafiti huo, kuzifungia pesa kwa jina la kazi moja kuliwasaidia hasa watu wa aina yako, wanaoombwa na jamaa kila mara. Kwako naona shida si nidhamu. Pesa iliyokaa bila jina ni ngumu kumnyima ndugu, ilhali pesa ya dawa za watoto hata yeye ataona haya kuisisitizia.

Kwa hivyo nunua vibubu viwili, ufunguo wa vyote ukae nao wewe. Kimoja cha haja za kila siku, na hicho wifi akijua kipo si neno. Cha pili kiandike "Matibabu" kwa wino mkubwa. Za neti, kama uko katika chama, zipeleke huko: waombe wenzako mfungue mchango mdogo wa afya kando ya mchezo, anayepokea zamu anunue neti pale pale mbele yenu. Na wifi akija kabla ya zamu yako, mwambie pesa ziko kwa mwekahazina, akamuombe yeye.