Podi Ikianguka, Usikimbilie Kuifuta

Ilikuwa tarehe za mishahara, saa tatu usiku. Mfumo wa malipo niliokuwa nausimamia ulikuwa na podi sita, yaani nakala sita za programu, kwenye klasta (kundi la mashine) ya Kubernetes, mfumo unaowasha na kusimamia programu, na zote sita zilikuwa zimeandika CrashLoopBackOff, yaani zinaanguka na kuwashwa tena na tena. Simu haziishi: watu wamekatwa pesa, risiti hazijafika. Nikatupa jicho kwenye Exit Code, namba inayobaki programu ikifa, nikakuta 137. Nikajiambia memori imeisha. Nikapandisha kikomo kutoka 512Mi hadi 1Gi, podi za zamani zikaondoka pamoja na logi zake, yaani kumbukumbu zilizoandika, zikaja mpya. Hazikukaa. Zikaanguka vilevile.

Kosa langu la usiku ule nimeliona kwa vijana wengi niliofanya nao kazi baadaye, ndiyo maana naandika. Hiyo 137 ni 128 ukijumlisha na 9, na 9 ni SIGKILL, yaani programu imeuawa kwa nguvu. Namba haikwambii nani kaua. Linux ikiua kwa sababu ya memori, kwenye Reason utasoma OOMKilled. Lakini kubelet, yule msimamizi anayekaa kwenye kila nodi, yaani kila mashine ya klasta, naye huua kontena (kifurushi cha programu ndani ya podi) kipimo cha uhai, kile kinachoangalia mara kwa mara kama programu iko hai, kikifeli: hutuma SIGTERM, ombi la kujizima, husubiri sekunde 30 kama hujabadilisha, na programu isipotoka yenyewe ndipo huimaliza. Kwangu Reason ilisema Error. Iko mstari mmoja tu juu ya ile 137, nami sikuisoma.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja wa upande wa hifadhidata. Alipiga simu akauliza, “Kaka, mbona mnafungua miunganisho mipya mamia kwa mamia, halafu yote inakatika kwa pamoja?”

Hapo ndipo nikaendesha kubectl describe pod, amri ya kuonyesha hali ya podi, na kushuka hadi chini kwenye Events, orodha ya matukio yake. “Liveness probe failed”, yaani kipimo cha uhai kimefeli, mara tatu mfululizo. Anwani yetu ya kupima uhai ilikuwa inauliza swali hifadhidata kabla ya kujibu. Usipogusa mipangilio, kipimo hupigwa kila sekunde 10, husubiri jibu sekunde 1 tu, na kikifeli mara 3 kontena huuawa. Mishahara imeingia, hifadhidata imeelemewa, majibu yanachukua sekunde mbili. Podi sita nzima kabisa zikauawa karibu kwa wakati mmoja, zikaamka pamoja, zikaifungulia hifadhidata miunganisho upya na kuizidishia mzigo. Tulikuwa tunajipiga wenyewe.

Kipimo cha uhai kiulize jambo moja tu: programu hii bado inajibu, au imekwama kiasi kwamba dawa yake ni kuiwasha upya? Kuwasha upya podi yako hakujawahi kuponya hifadhidata ya jirani. Suala la hifadhidata, kama ni lazima, lipeleke kwenye kipimo cha utayari, maana chenyewe hakiui, huiondoa podi kwenye huduma kwa muda. Hata hapo fikiri mara mbili, kwa kuwa podi zote zikitegemea hifadhidata moja, zote zitaondolewa kwa mpigo. Na programu inayochelewa kuamka, kama zile za Java, ipe startupProbe, kipimo kinachoisubiri iamke kwanza.

Siku hizi sigusi kitu kabla ya amri tatu: kubectl describe pod, kubectl logs na --previous ili kusoma maneno ya mwisho ya kontena iliyokufa, na kubectl get events. Matokeo nayatia kwenye faili papo hapo. Podi ikifutwa, hiyo --previous haina tena cha kukuonyesha, na matukio kwa kawaida huhifadhiwa saa moja tu.

Halafu CrashLoopBackOff yenyewe isikutishe. Ni muda wa kusubiri kati ya jaribio na jaribio: sekunde 10, 20, 40, mpaka dakika 5. Kwa hiyo kama kilichorekebishwa kiko nje ya podi, inaweza kuendelea kukaa kimya dakika kadhaa. Hapo kuifuta ni sawa, ushahidi ukiwa umeshauhifadhi.

Usiku ule tuliibadilisha ile anwani ya kupima saa tano na nusu. Hifadhidata ilikuwa bado nzito, malipo yalipita polepole, risiti moja moja, lakini podi zote sita zilibaki zimesimama hadi asubuhi.