NVDA inatosha, lakini usiihukumu siku ya kwanza

Ndugu yetu ameuliza kama asiyeona anaweza kufanya kazi za ofisini kwa programu ya bure ya kusoma skrini, au ni lazima anunue JAWS, programu ya kulipia ya kazi hiyohiyo. Mimi sioni, na huu ni mwaka wa sita natumia NVDA, ambayo ni ya bure, kazini. Inatosha, ila ukiijaribu kwa saa moja utaiacha.

NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni, na nadhani ndiyo maana imeundwa kwa kumjali anayeanza bila msaada. Ukifungua faili lake inaanza kusema hata kabla hujaisakinisha, na unaweza kuiweka kwenye flashi ukaitumia kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Mimi nilianza hivyo.

Kilichonichosha mwanzoni ni sauti. eSpeak NG, sauti inayokuja na NVDA, ni kavu, na niliposoma barua za Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, hata jina langu sikulitambua. Ingia kwenye mipangilio, chagua sauti ya Kiswahili, kisha ongeza kasi kidogo kidogo kila baada ya siku chache, kwa sababu sikio huzoea haraka kuliko unavyodhani.

Baada ya hapo, bonyeza Insert na 1. Kila kitufe utakachogusa kitajitaja bila kufanya kazi yake, kwa hiyo huwezi kuharibu kitu. Jioni zangu za kwanza zote niliishia hapo, na sijuti. Kwenye kurasa za intaneti nilikuwa nikishuka mstari kwa mstari, nikisikiliza menyu nzima, mpaka nilipojua kwamba H hukupeleka kwenye kichwa kinachofuata na K kwenye kiungo. Ukiwa ndani ya fomu, herufi unazoandika zikakurusha huku na huko badala ya kuandikika, bonyeza Insert na kitufe cha nafasi.

Nyaraka za PDF zilizoskaniwa ni picha tu, hivyo NVDA haisomi kitu. Kwenye Windows 10 na zilizofuata, Insert na R hujaribu kuyatambua maandishi. Vitufe vya kwenye skrini visivyopewa majina vitakuudhi kwa programu yoyote, ya bure au ya kulipia.

Kabla hujanunua chochote, omba ofisi ikuruhusu kufungua mfumo wenyewe utakaoutumia, ukiwa na NVDA kwenye flashi, na ujaze fomu moja kuanzia mwanzo hadi kuihifadhi. Ikikwama hapo, ndipo uijaribu JAWS kwenye fomu hiyohiyo.