Namba ya chini ya mpini si namba ya kiwanda

SWALI: Nimenunua revolva ya Colt hapa Ohio. Chini ya mpini imegongwa "U.S. Army Model 1917" na namba ya elfu 38 na ushee. Nikiitafuta kwenye jedwali la namba na miaka ya revolva za Colt New Service, inaangukia miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Muuzaji anasema ni ya majaribio, adimu sana, ndiyo maana bei ilikuwa juu. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na hadithi hii nimeichoka. Namba uliyosoma ni ya jeshi. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, bastola zake za kawaida za jeshi, M1911, hazikutosha, ikaagiza kwa Colt na Smith & Wesson revolva za kutumia risasi ileile ya .45. Colt wakatumia New Service yao, iliyokuwa na namba zake za kiwanda tangu 1898. Jeshi nalo likahesabu zake upya, kuanzia moja.

Kwa hiyo yako ina namba mbili. Hakikisha haina risasi, fungua silinda (ile sehemu ya kuzunguka inayobeba risasi), kisha tazama ule mkono unaoibeba na sehemu ya fremu, yaani kiunzi cha revolva, unapokaa. Namba ya pale ndiyo ya kupeleka kwenye jedwali, na ndiyo ya kuwapa Colt ukitaka barua ya kueleza kumbukumbu zao zinasema nini kuhusu revolva hiyo. Kama ya mkono na ya fremu hazifanani, vipande vimechanganywa.

Kinachoniudhi ni hawa wanaojiita wataalamu wa "namba ndogo, bastola kongwe". Hawafungui silinda, wanauliza namba kwa simu na kutaja mwaka papo hapo! Revolva ya Nagant ya Urusi, kwa mfano, imegongwa mwaka kwenye fremu, na nyingi zilipitia karakana za jeshi baada ya 1945, vipande vikapigwa namba upya ili vifanane. Revolva ya Ufaransa ya 1892 ina mwaka ubavuni mwa mtutu. Smith & Wesson nyingi za Vita Kuu ya Pili zina herufi V mbele ya namba; ukiiacha herufi hiyo unasoma jedwali la bastola nyingine kabisa.

Soma mihuri yote kwanza, namba baadaye. Na muuzaji asiyetaka ufungue silinda mbele yake, usimpe hata senti.