Usiuze hata kopo moja kabla hujaomba hataza

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema uko Ohio, una njia yako ya kukausha muhogo unga usivunde, unataka kuuza "kimya kimya" mwaka mmoja na nusu upate mtaji, ndipo uombe hataza (patent). Halafu unauliza ada, wakili, na kama hataza ya Marekani itakulinda nyumbani. Marekani inakupa mwaka mmoja tu tangu uanze kuuza; ukiupita hutakuwa na cha kuombea!

Nami kuna jamaa alinidanganya hivyo hivyo. Alijiita mshauri wa wabunifu, suti imenyooka, kadi ina maandishi ya dhahabu: "We uza tu, mradi hakuna anayejua unavyotengeneza." Na sentensi hiyo alinitoza hela, mwizi yule. Nikawa nawauzia wenye maduka tui la nazi la unga. Nilipompata wakili wa kweli, hakutaka hata kujua mashine inafanyaje kazi. Aliuliza ankara ya kwanza ni ya lini. Nikaitoa kwa maringo: mwandiko wangu, sahihi ya mwenye duka, tarehe na mwaka kwa wino wa buluu. Akaisoma, akafunga faili. Mwandiko lakini aliusifu.

Siri haikuokoi. Agosti 2024 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, ile inayosikiliza rufaa za hataza Marekani, iliamua kesi ya Celanese. Kampuni ilikuwa na njia ya siri ya kutengeneza Ace-K, kile kitamu cha kwenye soda za "bila sukari", na ilishauza kitamu chenyewe Marekani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba hataza ya njia hiyo. Ikajitetea kwamba sheria mpya ya 2011 imebadilisha mambo. Majaji wakakataa: umeuza kilichotoka kwenye njia hiyo, muda wako umepita. Waliegemea kesi ya Helsinn ya 2019, ambapo Mahakama ya Juu ilisema mauzo ni mauzo hata kama mkataba unaficha undani wa uvumbuzi.

Na usinijie na "bado sijakabidhi mzigo". Kasome kesi ya mbunifu Pfaff, 1998. Oda ya soketi 30,100 ilithibitishwa kwa maandishi Aprili 8, 1981, wakati jamaa ana michoro tu, hata sampuli hajatengeneza. Akaomba hataza Aprili 19, 1982. Alipitiliza mwaka kwa siku 11, zikammaliza.

Kuna mwanya: mwaka 2016 mahakama hiyo hiyo ya rufaa, majaji wote wakiketi, ilisema kumlipa mwenye kiwanda akutengenezee mzigo wako si lazima kuhesabike kuuza. Usijenge biashara juu ya mwanya huo. Na Ulaya hata huo mwaka mmoja wa huruma hawana.

Kwa hiyo omba kwanza, uza baadaye. Kuna maombi ya muda, yanakushikia tarehe kwa miezi 12, na ada yake kwa mbunifu wa kipato kidogo si ya kukopea. Ila eleza njia yote humo, joto, saa, unene wa vipande, kwa sababu usichokiandika hakina tarehe.

Halafu ile picha ya kikaushio uliyoweka kwenye swali lako, na maelezo ya hatua zote chini yake! Hiyo peke yake imeshakuanzishia mwaka, na kuifuta hakurudishi siku. Iprinti kwenye karatasi na tarehe yake, umpelekee wakili Jumatatu.