Kwa wanaoanza kumsoma Pytheas wa Massalia

Ninyi mnaoanza kusoma historia ya Wagiriki wa kale mtakutana mapema na Pytheas, mtu wa Massalia, mji ambao leo ni Marseille nchini Ufaransa, aliyesafiri kwenda kaskazini karibu mwaka 325 KK, akafika Uingereza na kurudi na habari za nchi iitwayo Thule. Insha yangu ya kwanza juu yake ilirudishwa imejaa wino mwekundu, kwa kuwa karibu kila aya niliianza kwa maneno “Pytheas anasema”. Pembeni mwalimu aliuliza: amekwambia lini?

Lilikuwa swali la haki. Kitabu alichoandika Pytheas kuhusu Bahari Kuu kilipotea zamani, na tulichobaki nacho ni vipande vilivyonukuliwa na wengine. Vingi vimehifadhiwa na Strabo, mwanajiografia aliyeandika miaka 300 hivi baadaye, ambaye alimwita Pytheas mwongo waziwazi, na ambaye pia anatupasha shaka ya Polybius, mwanahistoria Mgiriki: mtu asiye na cheo, tena maskini, angewezaje kusafiri masafa yote hayo? Kwa hiyo nawashauri mgawe daftari katika safu tatu: maneno yenyewe, aliyeyanukuu, na sababu iliyomfanya ayanukuu. Safu ya tatu inachosha kuijaza, lakini ndiyo yenye faida, kwa sababu anayemnukuu mtu ili amkebehi hana haja ya kumpamba.

Chukueni habari ya “pafu la bahari”. Strabo anaeleza kwamba, kwa maneno ya Pytheas, huko kaskazini hapakuwa tena na nchi kavu wala bahari wala hewa, bali mchanganyiko wa vyote mfano wa pafu la bahari, usiopitika kwa miguu wala kwa chombo. Wanafunzi wageni hucheka hapa. Lakini pafu la bahari ni jina ambalo Wagiriki walimpa konyeza, kiumbe laini anayeelea huku akitanuka na kunywea kama anayepumua, na wasomaji wengi wa leo wanaona humo barafu changa inayopanda na kushuka na mawimbi chini ya ukungu. Msiiruke sentensi inayofuata: Pytheas alisema kile kinachofanana na pafu alikiona mwenyewe, na mengine aliyasikia. Sijui waongo wengi wanaotenganisha hivyo.

Nambari zake zipigieni hesabu kwa mikono yenu. Kupitia Hipparchus, mwanaastronomia Mgiriki, na Strabo tumepata uwiano wa kijiti kilichosimamishwa wima huko Massalia na kivuli chake, adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote za mwaka: 120 kwa 41 na nne ya tano. Tafuteni pembe yake, ongezeni mwinamo wa mhimili wa dunia, mtapata latitudo ya karibu digrii 43, na Marseille ipo digrii 43.3. Hipparchus alidai kuupata uwiano huohuo Byzantium, ambayo leo ni Istanbul, mji ulio zaidi ya digrii 2 kusini. Strabo naye akashikilia kwamba Massalia ndiyo iliyo kusini zaidi. Mwenye kuitwa mwongo ndiye aliyepima sawasawa.

Kuhusu Thule kuwa Iceland, Norway au kwingineko, msiumalizie mwaka wenu wa kwanza hapo. Tunaambiwa ilikuwa mwendo wa siku 6 kwa meli kaskazini ya Uingereza, na hilo halitoshi kufunga mjadala.

Afadhali mtumie muda huo kwenye maji kujaa na kupwa, jambo ambalo katika Bahari ya Mediterania halionekani sana. Kauli moja fupi inayohusishwa na Pytheas inasema maji hujaa mwezi unapokua na hupwa unapopungua. Aliyekulia Pemba au Lamu atashtuka, maana anajua bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa nguvu, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, huja katikati yake. Ama Pytheas hakukaa ufukweni muda wa kutosha, ama aliyemfupisha alikata palipokuwa na maana. Mimi namtuhumu mfupishaji, ila katika safu yangu ya tatu, mbele ya kauli hiyo, bado ipo alama ya kuuliza.