Ukiachishwa Kazi Hotelini Arusha, Usisubiri Msimu

Haya nawaandikia wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye mahoteli, kambi za watalii na ofisi za safari hapa Arusha na Moshi. Nimekaa mapokezi miaka mingi, na wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi tawini. Vikao vya nidhamu nimevikalia, na wenzangu kadhaa nimewasindikiza hadi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Nilichokiona huko ni kwamba wengi wanaokosa haki yao hawaikosi mbele ya mwamuzi. Wanaikosa wakiwa nyumbani, wanasubiri simu ya bosi.

Iko hivi. Aprili mvua za masika zimeshika, vyumba vimebaki vitupu. Meneja anakuita, anaongea kwa upole kabisa: "Pumzika kidogo, hali unaiona mwenyewe. Mwezi wa sita wageni wakirudi tutakupigia." Barua hakuna. Unashukuru, unarudi zako Sakina au Ngaramtoni, unatafuta kibarua cha kusogeza siku. Juni inaingia, kimya. Mara unaona kwenye statasi ya WhatsApp mtu mwingine kavaa sare yako, kasimama kaunta yako. Ndipo unakwenda CMA, na jambo la kwanza kuulizwa ni tarehe.

Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali linatakiwa lifike CMA ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho kama ulikata rufaa humo humo kazini. Madai mengine, kama mishahara ambayo hukulipwa, yana siku 60. Ukichelewa ipo fomu ya kuomba uongezewe muda, ila lazima uwe na sababu nzito, na "bosi alisema nisubiri" bila maandishi yoyote ni kitu chepesi sana kukitegemea.

Kwa hiyo jioni ile ile ulipoambiwa upumzike, andika ujumbe. Kwa adabu, bila hasira: "Shikamoo meneja. Leo tarehe fulani umenieleza nisije kazini mpaka mwezi wa sita. Naomba unithibitishie kama nimeachishwa kazi au nimepewa likizo, na kama ni likizo, ni ya malipo au bila malipo." Akijibu, una ushahidi. Asipojibu, bado una tarehe na una ujumbe unaoonyesha kwamba uliuliza. Na mjue kwamba uchache wa wageni haumpi mwajiri ruhusa ya kupunguza watu kimya kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla hajaamua nani anaondoka.

Sasa kuna ile karatasi. Hii nataka muielewe vizuri, maana imewaumiza watu wengi. Unaitwa ofisini saa kumi jioni, mezani kuna bahasha ya hela na karatasi moja iliyochapwa. Katikati imeandikwa kwamba mmekubaliana kusitisha mkataba, umelipwa stahiki zako zote na huna dai lolote. Kalamu imeshawekwa juu yake. Afisa utumishi anakwambia saini upesi, mhasibu anafunga. Ukisaini jinsi ilivyo, kesho utakuwa unabishana na saini yako mwenyewe. Una haki ya kusema unaomba kuisoma nyumbani. Wakikataa, na hela unaihitaji kwa kodi ya nyumba, andika kwa mkono wako juu ya saini: "Nimepokea kiasi hiki, sikubaliani na maelezo mengine," weka tarehe, halafu piga picha kabla hujainuka kwenye kiti. Wakikuzuia kuandika hayo, basi usisaini.

Kwenye tuhuma za utovu wa nidhamu mambo ni tofauti kidogo. Hela ya baa imepungua, stoo haijabalansi, mgeni amelalamika. Sheria inamtaka mwajiri awe na sababu ya kweli na afuate utaratibu wa haki, na ni yeye anayepaswa kuthibitisha yote mawili. Ukipewa barua ya kujieleza, jibu kwa maandishi na ubaki na nakala. Kikao cha nidhamu kikiitishwa, unastahili muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na unaruhusiwa kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Usiende peke yako. Si lazima huyo mwenzako awe msemaji hodari. Inatosha akae pale akiandika nani kasema nini. Muhtasari ukiletwa, soma kila ukurasa. Nimeshuhudia muhtasari ulioonyesha mtuhumiwa "amekiri" wakati sote tuliokuwa chumbani tulimsikia akikana.

Kwenu wapya kabisa: ulinzi huu wa kutoachishwa isivyo halali hauwahusu wenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja. Ila miezi hiyo inahesabiwa hata kama ni mikataba zaidi ya mmoja. Wale mnaopewa mkataba wa miezi mitatu mitatu, tunzeni yote, hata ule wa kwanza uliokunjika. Na hata ukiwa na miezi miwili tu, mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako. Kama hukuwahi kupewa mkataba wa maandishi, usikate tamaa. Kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na asipoyaleta kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye.

CMA kufungua shauri hakuna ada. Unajaza fomu namba moja, unampelekea mwajiri nakala, kisha unairudisha Tume na uthibitisho kwamba ameipokea. Ijaze taratibu. Kuna sehemu ya pili mahsusi kwa walioachishwa kazi, watu huiruka. Na kila unachodai kiandike humo, kwa sababu usichokiandika ni vigumu kukidai mbele ya safari. Jambo jingine linalowahusu sana watu wa huku: shauri husikilizwa na ofisi ya eneo ambako mgogoro ulitokea. Kama kambi yako iko Serengeti upande wa Mara na barua imetoka makao makuu Arusha, uliza mapema ni ofisi ipi, usije ukarudishwa siku ya ishirini na tisa. Wanachama wa CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, mnaye mtu wa kuwasaidia hapo. Wa mashamba ya maua na kahawa, chama chenu ni TPAWU. Moshi lipo pia shirika la KWIECO kwa msaada wa kisheria.

Kabla ya siku ya usuluhishi, yaani pale CMA inapowakutanisha wewe na mwajiri mbele ya msuluhishi, piga hesabu yako nyumbani, uwe na namba kichwani. Chukua mshahara wa msingi wa 390,000 kwa mwezi, kazi siku sita kwa wiki. Gawa kwa 26, ndizo siku za kazi za mwezi, unapata 15,000 kwa siku. Kiinua mgongo ni siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa hiyo miaka minne ni 420,000. Juu yake weka siku 28 za notisi kama hukupewa, likizo ambayo hukuichukua, na nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa; kama walikuchukua Moshi wakakupeleka Karatu, hiyo ni haki yako. Zote hizi hazijagusa fidia ya kuachishwa isivyo halali, ambayo ni dai linalojitegemea. Msuluhishi hana mamlaka ya kukulazimisha ukubali. Mwajiri akija na laki tano "tuyamalize," utajua kama anakulipa au anakurudishia tu sehemu ya kilicho chako.

Cheti cha utumishi kidai siku ya kwanza, hata kama mmeachana vibaya. Mwajiri anawajibika kukitoa, na hoteli utakayoomba kesho itakiuliza. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya kazi usiandike neno juu ya kampuni mpaka shauri liishe. Ila kabla hawajakutoa kwenye grupu, hifadhi skrinishoti za ratiba za zamu zenye jina lako.