Inchi 14 au 15.6? Majibu kwa Wanaonunua Laptopu ya Masomo

SWALI: Binti yangu anaanza chuo. Nimeonyeshwa laptopu mbili, moja ya inchi 14 na nyingine ya inchi 15.6. Mambo ya ndani yanafanana, na bei zimepishana kidogo tu. Hiyo inchi moja na nusu ndiyo ya kuniumiza kichwa?
(Mama wa mwanafunzi)

JIBU: Ndiyo, mama, ikuumize kidogo. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni mshazari wa kioo: kutoka kona ya chini ya upande mmoja hadi kona ya juu ya upande wa pili, bila kuhesabu fremu wala bodi, yaani ganda la nje la mashine. Kioo cha inchi 14 chenye umbo la 16:9 (sehemu 16 za upana kwa sehemu 9 za kimo) kina upana wa sentimita 31 na kimo cha sentimita 17.4. Cha inchi 15.6 kina 34.5 kwa 19.4. Zidisha uone: eneo limeongezeka kwa karibu robo nzima. Macho yatafurahi, bega litalalamika.

Laptopu nyingi za inchi 14 huwa na kilo 1.3 hadi 1.6. Za inchi 15.6 huanzia kama kilo 1.6, na zile za bei ya chini hukaribia kilo 2. Ongeza chaja, gramu 200 hadi 400, ambayo dukani hakuna anayeipima. Sasa chukua begi analobeba kila siku, liweke kwenye mizani likiwa na madaftari na chupa ya maji. Lita moja ya maji peke yake ni kilo nzima. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba begi la mgongoni lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wa anayelibeba. Mwenye kilo 50 ana nafasi ya kilo 5. Vitabu vikishachukua 3, laptopu ya kilo 2 na chaja yake imeshapita mpaka.

Kabla ya kulipa, kata vipande viwili vya boksi: kimoja sentimita 32 kwa 22, kingine 36 kwa 24. Hivyo ndivyo vipimo vya kukadiria vya bodi zenyewe. Vitie kwenye begi ufunge zipu. Kisha viweke juu ya meza anayosomea, pembeni uweke daftari la A4, lenye upana wa sentimita 21. Kipande kidogo na daftari vinataka sentimita 53, kikubwa 57. Kwenye viti vya ukumbi vyenye kibao cha kuandikia pembeni, daftari halipati nafasi kabisa, na laptopu ya inchi 15.6 huning'inia ukingoni. Ikianguka hapo, inaweza kuvunjika bawaba au kona ya kioo.

Ushauri wetu: kama ataibeba siku nne au tano kwa wiki, chukua ya inchi 14. Kama itakaa mezani bwenini na kutoka mara moja moja, 15.6 ni sawa.

SWALI: Nilinunua ya inchi 15.6 ili nione mengi, lakini nikifungua kurasa mbili kando kwa kando maneno yanabanana. Mwenzangu ana ya inchi 13.5 na anaona mistari mingi kuliko mimi. Nimepigwa?
(Mwanafunzi wa sheria)

JIBU: Hujapigwa, ila ulinunua inchi ukasahau pikseli, vile vidoti vidogo vinavyounda picha. Tunashuku kioo chako ni cha pikseli 1366 kwa 768. Ukikigawa katikati, kila dirisha linabaki na pikseli 683 za upana, na kurasa nyingi za intaneti hapo hujigeuza kuwa za simu. Thibitisha kwanza: kwenye Windows fungua mipangilio, ingia sehemu ya mfumo, kisha onyesho, utazame ukubwa wa picha uliochaguliwa. Kama kuna chaguo la juu zaidi lililopendekezwa, lichague. Mara nyingine mtu amelishusha bila kujua. Kama tayari ni 1920 kwa 1080 na bado pamebana, angalia asilimia ya ukuzaji papo hapo. Kwenye 150, kioo hicho kinakupa nafasi ya 1280 kwa 720 tu. Ishushe hadi 125 upate 1536 kwa 864. Kwa inchi 15.6 maandishi bado yatasomeka bila kukunja uso.

Jambo la pili ni umbo. Kioo cha inchi 13.5 cha 3:2 kina kimo cha sentimita 19, na chako kina 19.4. Milimita nne tu! Upana ulioulipia unafaa kwa filamu, lakini hukumu za mahakama husomwa kutoka juu kwenda chini. Ndiyo maana sisi tungemwambia msomaji mkubwa wa PDF atafute 16:10 au 3:2 kabla ya kutafuta inchi.

Ikiwa kweli ni 1366 kwa 768, fundi anaweza kukubadilishia kioo, lakini mwambie akague kwanza kebo ya kioo na tundu lake kwenye ubao mkuu, ule wa ndani wenye sakiti. Kebo za vioo hivyo wakati mwingine zina njia moja ya data, na 1920 kwa 1080 huhitaji mbili. Akipachika kioo kipya bila kuangalia, utapata giza au picha inayochezacheza. Njia isiyo na kisu ni kununua skrini ya nje ya 1920 kwa 1080 na kuiunganisha kwa HDMI unapokuwa chumbani.

SWALI: Nasoma uhasibu. Inchi 14 hazina vitufe vya namba upande wa kulia. Si lazima nichukue kubwa?
(Mwaka wa kwanza)

JIBU: Si lazima. Kibodi ya namba ya USB huuzwa peke yake, ni nyepesi, na unaiacha nyumbani siku ambayo huna hesabu. Kumbuka pia kwamba kwenye laptopu ya inchi 15.6 vitufe hivyo husukuma herufi zote upande wa kushoto. Mikono inakaa kushoto, kioo kiko katikati, nawe unaandika insha ya saa tatu mwili ukiwa umepinda. Anayeingiza namba kila siku atavumilia. Anayeandika maneno zaidi atachoka shingo bila kujua sababu.

SWALI: Mwanangu ana miaka minane. Ya inchi 11.6 itamtosha?
(Baba)

JIBU: Kwa mikono yake, ndiyo. Hofu yetu iko kwenye hifadhi. Laptopu nyingi za ukubwa huo huja na hifadhi ya eMMC (chipu ndogo ya kuhifadhia mafaili) ya GB 64 iliyochomelewa kwenye ubao mkuu, na kwenye Windows nafasi hiyo hujaa hadi masasisho yakashindwa kujipakia. Tafuta yenye SSD (hifadhi ya kasi zaidi) ya GB 128 au zaidi na RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) ya GB 8, au uchague Chromebook, laptopu ya mfumo wa Google badala ya Windows, ambayo mfumo wake hauli nafasi kiasi hicho.

SWALI: Kubwa si ndiyo hukaa na chaji zaidi? Nataka kununua iliyotumika.
(Kijana anayejiandaa na kidato cha tano)

JIBU: Bodi kubwa ina nafasi ya betri kubwa, lakini mtengenezaji halazimiki kuijaza. Laptopu nyingi za bei ya chini za inchi 15.6 zina betri ya Wh 41 hivi (wati-saa, kipimo cha nishati inayohifadhiwa), na utakuta za inchi 14 zenye Wh 57. Chukua Wh, gawa kwa wati zinazotumika. Kazi ya kuandika na kusoma mtandaoni hula wati 7 au 8. Wh 41 kwa wati 8 ni saa tano na kidogo. Wh 57 kwa wati 7 ni saa nane. Na kioo kikubwa chenyewe hunywa zaidi.

Kwa iliyotumika usimsikilize muuzaji, iulize mashine. Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili litakalotajwa. Utaona uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Gawa wa sasa kwa wa kiwandani. Ikiwa chini ya asilimia 70, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei unayotajiwa. Tena, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hakikisha mashine inapokea Windows 11. Kwa prosesa za Intel Core, orodha inayokubaliwa huanzia, kwa jumla, kizazi cha nane.

SWALI: Nitasoma usanifu majengo. Inchi 14 au 16?
(Mhitimu wa sekondari)

JIBU: Wewe ndiye mtu wa inchi 16, na tunasema hivyo kwa sababu ya joto kuliko kioo. Programu za michoro ya vipimo vitatu huishughulisha kadi ya grafiki kwa muda mrefu. Bodi nyembamba ikishindwa kutoa joto, mashine hujipunguzia kasi yenyewe na mchoro huanza kukwama dakika chache tu baada ya kuanza. Bodi pana ina nafasi ya feni mbili na mabomba ya kuhamishia joto. Anza na RAM ya GB 16, na uulize kama ina nafasi ya kuongeza. Uliza pia chuo kinatumia programu gani: Revit, programu ya kuchorea majengo, ni ya Windows pekee, kwa hiyo Mac, laptopu ya Apple, itakutesa. Gharama ya uamuzi huu ni mzigo: kilo 2 na zaidi, na chaja ya wati 200 hivi ambayo yenyewe inaweza kupita nusu kilo.

SWALI: Begi langu limeandikwa inchi 15.6 lakini laptopu yangu ya inchi 15.6 haiingii!
(Msomaji)

JIBU: Begi limeandikwa kwa kioo, laptopu inaingia kwa bodi. Za zamani zina fremu nene, na upana wake hufika sentimita 38. Pima upana, kina na unene wa bodi kwa rula, ongeza sentimita moja kila upande, kisha ulinganishe na mfuko wa ndani wa begi. Kipimo cha nje hakikusaidii, kwa sababu sponji hula nafasi. Na usiilazimishe kwa kusukuma kona. Zipu ikivutwa juu ya kona, kioo ndicho kinachobanwa.